Chini Nne, Kulia Mbili

Haruna tulimzika Jumatano. Ijumaa, baada ya sala, nyumba ya dada yake kule Buyenzi ilikuwa bado imejaa. Mlangoni nilihesabu viatu, jozi arobaini na moja; nikahesabu tena, jozi arobaini na moja na ndala moja iliyopoteza mwenzake. Vyangu nikaviweka mbali na vya wengine, maana msibani ndiko viatu vizuri huondoka na watu wasiovijua. Ndani, sisi wanawake tulikaa kwenye mikeka katika chumba cha nyuma tukimenya vitunguu vya wali wa jioni, na siku hiyo vitunguu vilitufaa sana: kila mtu alilia bila kuulizwa analilia nini.

“Moyo tu,” alikuwa akisema dada yake kwa mara ya nne. “Alikuwa anakunywa chai. Akaniambia, nishikie kikombe.”

“Ukakishika?”

“Nikakishika.”

“Basi hakikuvunjika,” akasema jirani mmoja, na wote wakaitikia kana kwamba hilo ndilo lililokuwa likiwasumbua.

Ndipo akaingia mwanamke mwenye kitenge cha kijani, mfuko wa sombe, majani ya muhogo, mkononi, akasimama akitafuta pa kukaa. “Amahoro humu ndani,” akasema, akitutakia amani kwa Kirundi. Ni Mkatoliki wa Ruziba, na katikati ya Waislamu wa Buyenzi alionekana kama mtu aliyeshuka kwenye kituo kisicho chake. Nilimjua kabla hajageuka. Consolate. Hatukuwa tumeonana miaka kadhaa, wala haikuwa bahati. Mji huu si mkubwa kiasi hicho. Ni mimi niliyekuwa nikichagua njia zangu.

“Zaina,” akasema, akijibana kando yangu. “Umekonda, sha.”

“Ni nguo. Nguo inanisingizia.”

Akacheka kidogo, akachukua kisu. “Nilisikia Haruna amekufa, nikasema apana, siwezi kubaki nyumbani. Ile siku ya Deo, ni yeye na wewe mulikuja. Batu wengine walituma pole kwa simu. Nyinyi mulikuja na ile ndege yenu, mukatafuta mpaka jua likazama. Mi sisahau.”

Deo alikuwa mume wake. Duniani kulikuwa na watu wawili waliojua kwa nini Deo hakupatikana siku ile angali hai. Mmoja tulikuwa tumemzika Jumatano. Aliyebaki alikuwa ameketi na mjane wake goti kwa goti, anamenya kitunguu, na kitunguu chenyewe kilikuwa kimekwisha menywa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, na meza ya vioo vya simu karibu na soko. Haruna alikuja kutafuta skrini ndogo, ya ukubwa wa kiganja, inayopokea picha bila waya. Nilikuwa nayo moja, na nilimwambia zimebaki mbili ili asijue kwamba imenidodea. Tulibishana tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Alipunguza, nikapandisha, akaondoka, akarudi, akaapa hana, nikaapa nanunua zaidi ya hapo. Mwishowe aliondoka na skrini, nami nikaondoka na kazi, na mpaka leo sijui ni nani aliyempunja mwenzake. “Mutu anayeweza kuniangalia usoni masaa matatu bila kupepesa,” alisema, “ndiye natafuta.” Nilidhani ni maneno ya kiume. Kumbe alikuwa akieleza kazi.

Haruna aliunda droni kwa mikono yake. Si zile zinazojishikilia hewani zenyewe kama kunguru aliyeshiba. Yake ilikuwa ya miwani: rubani huvaa miwani mikubwa inayofunika uso wote, na ndani yake anaona kile tu kinachoonwa na kamera iliyo puani mwa droni. Anakuwa yumo mle. Kamera ikipofuka, naye amepofuka. Kazi yangu ilikuwa kuangalia picha ileile kwenye skrini yangu, kusema nilichokiona, na kuipanga kamera kabla ya kila mruko ili isipofuke. Na Bujumbura ni mji wa kupofusha kamera. Asubuhi jua linachelewa kuivuka milima ya mashariki, na sisi tunakaa kivulini huku ziwa upande wa mbali limekwisha waka. Jioni jua linashukia Kongo, nyuma ya milima ya Uvira, na ukirusha kuelekea majini unaruka kuingia ndani ya jua lenyewe. Katikati kuna mawingu ya mvua yanayoweza kufunika na kufunua mara tatu kabla betri moja haijaisha, na betri yetu moja ilikuwa dakika nne. Droni inapogeuka kutoka kwenye maji kuelekea migombani, kamera inahitaji kama nusu sekunde kuzoea. Kwa mwendo ule, nusu sekunde ni nyumba nzima.

Karakana yetu ilikuwa chumba cha nyuma kwa shangazi yake, Mwajuma, kule Ngagara, katika zile nyumba za mistari ambazo katiye zake, yaani mitaa, zimepewa namba badala ya majina, jambo lililonipendeza tangu siku ya kwanza. Chumba kilikuwa na meza moja, godoro lililosimamishwa ukutani, harufu ya risasi ya kulehemu, na dirisha la vioo sita. Kimoja kilikuwa kimevunjika na Shangazi alikiziba kwa picha ya eksirei ya mbavu za mtu tusiyemjua. Hizo mbavu ndizo zilizokuwa kipimo chetu. Nilielekeza kamera dirishani: kama kwenye skrini naziona mbavu zote kumi na mbili za upande mmoja, na wakati uleule naona viatu vya Haruna kwenye kona ya giza chini ya meza, basi kamera imepangwa vizuri. Zikiungua mbavu, mwanga umezidi. Vikipotea viatu, vivuli vimekaza. Kupitia ukutani tulimsikia Shangazi akiulizwa na jirani tunafanya nini humo mchana kutwa, mwanamume na mwanamke. “Wanaangalia mbavu,” alijibu, na hakuona haja ya kuongeza neno. Saa saba alitupitishia sahani moja ya bugali wa muhogo na maharage yaliyowekwa mawese, tukala kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika waya.

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiberiti. Ilikuja na kitufe kimoja mwishoni mwa waya: unakisukuma juu, chini, kushoto, kulia, au unakibonyeza katikati, na orodha ya mipangilio inajitokeza kwenye skrini. Kwa Kichina, yote. Mimi Kichina ninachokijua ni bei tu. Kwa hiyo hatukuisoma orodha ile, tuliihesabu. Kwa siku nne Haruna alisukuma na mimi nikaandika kilichobadilika. Chini mbili, kulia moja: picha inafifia, nzuri kwa ukuta mweupe. Chini tatu, kulia tatu: rangi zinapanda, ziwa linakuwa la buluu ya kanga mpya; hiyo ilikuwa ya harusi. Chini nne, kulia mbili, kisha katikati: vivuli vinafunguka, unaona kilichomo chini ya mti bila anga kuungua. Hiyo ndiyo niliyoipenda. Niliyaandika kwenye plasta nikaibandika kwenye kisanduku cha betri, nikayaweka na kichwani, maana plasta hubanduka. Kila nilipoyatumia nilihesabu mara mbili, kwanza kwa kidole, halafu kwa midomo.

“Zaina anasali,” Haruna alinitania.

“Nasali we usigonge ukuta.”

Mazoezi tulifanyia Ruziba, kwenye shamba la Deo. Haruna alimfahamu kwa kumtengenezea redio. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye mpunga upande mmoja na matete upande wa ziwa, na alitupa uwanja bila kutaka chochote ila kuona shamba lake kutoka juu. Alipovaa miwani mara ya kwanza, huku Haruna akirusha kwa kutazama skrini yangu, alikaa chini ghafla akashika majani kwa mikono miwili.

“Haruna! Nishushe!”

“We uko chini, muzee.”

“Nishushe tu!”

Consolate alicheka mpaka akaegemea nguzo. Baada ya hapo Deo alidai zamu yake kila Jumamosi, ameketi tayari, miguu ameinyoosha, amejikamata. Droni aliiita nzi. “Nzi yenu imechelewa leo,” alisema. Akiisikia tu, hata akiwa katikati ya mpunga na haioni, alinyanyua mkono akaipungia.

Yeye ndiye aliyenifundisha mwanga. Sisi tulikuwa na hesabu, yeye alikuwa na majina. Alitazama ziwa akasema leo liko bati, maana yake jua limelala juu ya maji na kila kitu kinang’aa kama paa jipya, msirushe kuelekea huko. Au alisema liko maziwa: mawingu mepesi, hakuna kivuli wala mng’ao, rusheni mnavyotaka. Au liko mafuta, yaani limetulia kabla ya upepo, basi kusanyeni vyombo. Nikaanza kuandika majina yake kwenye plasta kando ya hesabu zangu. Siku ya bati, hesabu hii. Siku ya maziwa, usiguse kitu. Tulikula barazani kwake, ndagala, yaani dagaa, wa nyanya na wali wa mpunga uleule tulioukanyaga, na nikiwa bado nahangaika na kitufe Consolate alinisogezea sahani. “Kula kwanza. Kamera haina njaa.” Kisha nikawasikia jikoni wakinijadili kana kwamba matofali ya Ruziba hayapitishi sauti.

“Ule Zaina ataolewa na nani, na ule mudomo?”

“Na kiziwi,” alisema Deo.

“Kiziwi atamwona tu mudomo unavyocheza.”

“Basi na kiziwi aliye pofu.”

Nilikula ndagala wangu wote na nikaongeza. Sasa hivi, nikiwa na umri wa kuelewa, najua kwamba mahali pekee nilipokuwa na amani mwaka ule ni pale barazani, na kwamba sikupahesabu. Nilivihesabu vikombe, betri, skrubu. Nilidhani kilichohesabiwa ndicho kilicho salama.

Kamera ya kwanza ilikufa Mutanga Nord, kwenye harusi. Familia ilitaka droni ipite kati ya roshani na geti wakati bibi harusi anatoka. Wingu likaondoka wakati uleule, ukuta mweupe ukalipuka kwenye skrini, na Haruna akaigonga roshani. Shangazi wa bwana harusi alipiga kelele kuliko droni. Kioo cha mbele cha kamera kilipasuka. Nikaenda kwa Baba Nasri, mzee wa familia ya Kiarabu iliyouza vifaa vya umeme tangu kabla hatujazaliwa, na nikamkalia asubuhi nzima.

“Ni ileile, binti,” alisema. “Tazama sanduku. Tazama namba. Watoto wa tumbo moja.”

“Watoto wa tumbo moja hawafanani tabia.”

“Hawa wanafanana.”

Nilitoka nimeridhika mno na nafsi yangu. Nilikagua skrubu nne, nyaya tatu, kioo. Nilipima picha kwenye mbavu za dirishani, nikaziona zote, na viatu chini ya meza nikaviona. Ilikuwa nzuri hivyo ilivyo, kwa hiyo sikuigusa orodha yake. Wiki zilizofuata zilikuwa za mawingu, za maziwa kama alivyosema Deo, mwanga usiomsumbua mtu. Kitufe kilikaa kwenye kisanduku.

Ziwa mwaka ule lilikuwa limepanda. Kule Ruziba lilikuwa limekula mpunga wa chini wa Deo na kuufanya sehemu ya matete, na uzio wake ulikuwa umesimama majini kama meno. Siku moja mchana alichukua mtumbwi mdogo kwenda kung’oa zile nguzo za uzio, mbao nzuri, aziokoe. Upepo ukashuka. Saa tisa watu waliuona mtumbwi umegeuka, tumbo juu, hauna mtu. Consolate alimpigia Haruna. Tulifika kwa pikipiki saa kumi na moja kasorobo, na betri tatu, dakika kumi na mbili, na jua lilikuwa limekwisha anza kuiegemea milima ya Kongo.

Kulikuwa na wanaume sita kwenye mitumbwi miwili. Matete yalikuwa mengi kuliko watu. Yamepanuka pwani nzima, marefu kuliko mtu, na mtumbwi hauingii ila kwa kukata njia. Walitutegemea. Niliona kwa jinsi walivyoacha kupiga kasia tulipofika. Betri ya kwanza Haruna alirusha moja kwa moja. Ziwa lilikuwa bati tupu: kwenye skrini maji meupe yanaumiza, na matete meusi kama makaa, yamejaa zile chengachenga zinazotokea kamera inapopapasa gizani.

“Sioni,” Haruna alisema ndani ya miwani. “Zaina, sioni kitu. Fungua vivuli.”

Akatua. Nikachomeka kitufe. Consolate alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia meno yake yakigongana, na kulikuwa na joto. Chini nne, kulia mbili, katikati. Kwa kidole. Chini nne, kulia mbili, katikati. Kwa midomo. Sawa. Na picha ikabadilika. Ikatulia. Zile chengachenga zilikatika kama mtu aliyepangusa kioo kwa kitambaa, na matete yakawa safi, kila jani limekaa mahali pake. Sikujiuliza kama vivuli vimefunguka. Niliona pamesafika, nikapumua. Nikamwambia Haruna, “Enda.”

Tulipita juu ya matete yote kwa betri mbili, mistari kumi na minne, tukienda na kurudi kama mtu anayelima. Niliihesabu kwa sauti. Sikupepesa, kwa hilo niliajiriwa. Hakukuwa na kitu, hata ndege. Sasa najua kwamba kule kutokuwepo hata ndege kungetosha kunishtua. Haruna akaishusha droni betri ikilia. Mwanaume mmoja akapaza sauti kutoka mtumbwini: waingie kwenye matete, wakate njia, au waende chini, kwenye mdomo wa mto, ambako maji hutupa vitu? Mwanga uliobaki uliwatosha kwa kazi moja tu. Haruna alikuwa amevua miwani, anapangusa uso, na akaniangalia mimi.

“Aiko mu matete,” nikasema. “Tumeona yote. Muende kwa mudomo ya muto.”

Wakaenda. Wanaume sita, mitumbwi miwili, wakapiga kasia kuelekea kusini kwa nguvu zao zote, kwa sababu ya maneno matatu ya mwanamke mwenye skrini.

Walimpata asubuhi, ndani ya matete, si mbali. Alikuwa amekusanya mafungu ya matete akayafunga kwa mkanda wake chini ya makwapa ili yamwinue, na shati lake alikuwa amelifunga juu ya shina refu. Fundo lilikuwa zuri, la mtu aliyetulia anayesubiri. Waliomtoa walisema ni baridi iliyomuua, na ni alfajiri ile, si zamani. Walisema hivyo kwa kumheshimu, wakionyesha alivyopigana, na hakuna aliyenitazama kwa ubaya. “Pale hata jicho la karibu lisingeona,” mmoja alinifariji.

Baada ya maziko tulijifungia Ngagara. Skrini yangu ilikuwa ikihifadhi kila mruko kwenye kadi ndogo. Tulitazama mistari yote kumi na minne. Kwenye mstari wa tisa, kushoto, kuna kitu cha njano hafifu, kama rangi mbichi iliyopitishwa kidole. Kinachukua sekunde moja na nusu. Matete yanayokizunguka yako wazi, jani kwa jani. Chenyewe tu ndicho kimefutika. Haruna alitoa ile kamera ya zamani, iliyopasuka kioo, akaiunganisha, akafungua orodha yake. Kisha ya mpya. Nilizihesabu. Orodha ya zamani mistari minane. Ya mpya tisa. Nikahesabu tena. Mstari mgeni ulikuwa umekaa palepale mahali pa vivuli, na vivuli vimesogezwa chini hatua moja.

Tulikwenda kwa Mchina mmoja aliyeuza chaja mjini, kijana mpole aliyejifunza Kiswahili kwa wateja. Akausoma ule mstari bila hata kuinua kichwa.

“Hii safisha,” alisema.

“Inasafisha nini?”

“Chafu ya picha. Kitu kidogo-kidogo, cheza-cheza. Wewe weka nguvu mbili, hii toa yote.”

Kisha akatuuliza kwa nini tunateseka na Kichina. Akakichukua kitufe, akasukuma na kubonyeza mara sita, na orodha yote ikageuka Kifaransa. Ilikuwa mle siku zote. Haruna alitoka nje akaketi kwenye ngazi ya duka, na watu wakampita pande zote.

“Tutamwambia Consolate,” alisema.

“Tutamwambia. Lakini si leo, mutu ametoka kuzika.”

Mimi ni mfanyabiashara. Ninajua kuvuta siku. Nilimwambia tungoje matanga yaishe. Yakaisha, nikasema tungoje avune. Akavuna kilichobaki, nikasema tungoje watoto warudi shule, asije akaanguka wakiwepo. Kila sababu ilikuwa nzuri. Sijawahi kujadiliana vizuri hivyo maishani mwangu. Haruna hakurusha tena. Aliivunja droni vipande, akavitumia kwenye redio za watu. Mimi nilirudi kwenye meza yangu ya vioo. Mwaka ukaisha hivyo, na mingine ikafuata, na kila tulipokutana mjini, hata kabla ya salamu, aliniuliza, “Bado?” Nikamjibu, “Bado.” Halafu ndiyo tukaulizana habari za nyumbani. Mara ya mwisho ilikuwa miezi miwili kabla ya kikombe kile cha chai.

Consolate alikuwa akiviweka vitunguu vyake kwenye sinia, amevikata vyembamba, sawasawa. “Unajua Haruna alikuwa anakuja?” akasema kwa sauti ya chini. “Kila mwaka, ile siku. Mi nilidhani anataka kunioa.” Akatabasamu. “Anakaa pale barazani. Anasema, ‘Mama, kuna kitu.’ Mi nasema, sema. Ye anaomba maji. Nampa maji, anakunywa, anaenda. Kila mwaka anakunywa maji yangu tu.”

Sikuwa nikijua. Alikuwa akiniuliza mimi “bado”, na kumbe yeye mwenyewe alikuwa akienda mpaka mlangoni.

“We ulikuwa naye,” Consolate akasema. “Ni kitu gani alitaka kuniambia?”

Chumba kilikuwa na watu wengi, na kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu wali. Nilimwambia. Sikupanga vizuri. Nilianza na kamera, nikarudi kwenye sanduku, nikamwambia mstari wa tisa kabla ya kumweleza mistari ni nini, na yeye akaendelea kukata kitunguu mpaka kikaisha, kisu kikawa kinagonga sinia. Nilimwambia ni mimi niliyesema aiko mu matete. Hilo alilijua, alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimwambia kwamba Deo alikuwamo. Kwamba alikuwa hai, na tulipita juu yake, na mimi ndiye niliyemfuta.

Akakiweka kisu chini kwa uangalifu, makali yakielekea ukutani, kama watu wanavyofanya palipo na watoto.

“Hiyo picha iko wapi?”

Iko kwenye simu yangu. Nimebadilisha simu tatu, na kila mara ndiyo ya kwanza kuihamisha.

“Nionyeshe.”

Tukatoka uani. Ilikuwa saa tisa, jua limesimama juu ya mabati, na kwenye kioo cha simu hakuonekana kitu ila nyuso zetu wenyewe. Nikavua mtandio wangu mweusi, nikaufunika juu ya vichwa vyetu viwili, na humo ndani, gizani, pumzi zetu zikinuka vitunguu, nikaibonyeza. Mstari wa tisa. Matete. Kushoto, kile kitu cha njano. Sekunde moja na nusu.

“Ni shati,” akasema mara moja. Mimi nimelitazama miaka yote hii na sijawahi kusema ni shati bila kusita. “Ile ya njano. Nilikuwa nimemshonea kola.” Kisha, “Rudisha.”

Nikarudisha.

“Hapa halijafungwa. Iko mukononi.” Kidole chake kiligusa kioo, picha ikasimama, nikaiachia tena. “Anapunga.” Nilisikia mtu ndani akiuliza chumvi iko wapi. “Anawapungia nyinyi. Alisikia nzi, akajua ni nyinyi mumekuja.”

“Ndiyo,” nikasema.

“Rudisha.”

Nikarudisha. Alipotaka tena hakuniambia. Alichukua simu mkononi mwangu, akaushika na mtandio, akauvuta upande wake, akajifunika peke yake, nami nikabaki nje, kichwa wazi, juani.